Usizibe Mdomo

3 Machi

Dada Mwalimu,

Pokea salamu, na watoto uwapakate kwa niaba yangu, hasa yule wa meno mawili. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu niliyonayo ni ya kampuni, na simu ya kampuni ina wasikilizaji. Halafu nikikupigia utacheka kabla sijamaliza, na leo sina nguvu ya kuchekwa.

Nimepewa wasilisho. Nitasimama mbele ya wafanyakazi wa kiwanda kimojawapo cha kampuni niwaeleze kitu kinachoitwa "mabadiliko". Si watu watano wa ofisini wenye vikombe mkononi, ni ukumbi mzima. Unanijua. Nyumbani mliniita Kasuku kwa sababu sikunyamaza, lakini nikivuka mlango tu nakuwa bubu. Mwaka jana nilisimama mbele ya wahasibu kuwaeleza fomu mpya za likizo. Likizo, dada, jambo la furaha! Magoti yakagongana mpaka mhasibu wa mbele akanisogezea kiti. Hadi leo wakinikuta kwenye ngazi wananiuliza kama ningependa kukaa.

Meneja Mkuu aliniita akafunga mlango. Akasema ofisa rasilimali watu asiyeweza kusema na watu ni kisu butu, kimewekwa mezani kwa heshima tu. Nikiharibu hili naondoka. Mke wangu hana kazi tangu ajifungue, mama mkwe ameshahamia kwetu, na nyumba tunayoishi ni ya kampuni. Sina pa kuangukia, dada. Usiku silali na mchana sili.

Wewe umesimama mbele ya watoto wa watu miaka yote hiyo na hawajakutafuna. Nifundishe. Nisimame vipi, mikono niiweke wapi, macho niyapeleke wapi? Nijibu upesi, siku yenyewe ni tarehe kumi na saba.

Msalimie shemeji. Sijasahau kwamba ni yeye aliyeipeleka barua yangu ya maombi ya kazi mpaka mezani kwa mkuu wake, vumbi la pamba likiwa bado kichwani.

Ndugu yako anayetetemeka,
Kasuku


7 Machi

Kasuku wangu,

Nimecheka, na nimemsomea shemeji yako ile ya kiti naye akacheka mpaka akashika mbavu. Basi tumemaliza kucheka. Sasa shika kalamu.

Kwanza, usiwatazame watu machoni. Macho ya watu wengi kwa mpigo yanamaliza mtu. Kama mnayo ile mashine ya kuonyesha maandishi ukutani, Mungu kakupendelea: geukia ukuta, soma, na wao watasoma pamoja nawe, hapo hakuna atakayehangaika na magoti yako. Pili, kipaza sauti kiweke mdomoni kabisa, kiguse midomo, maana ukiogopa sauti yako huwa ya kitoto cha paka. Tatu, na hili ndilo kubwa: habari ikiwa mbaya, itangulize. Mtoto aliyefeli mwambie amefeli kabla hujamsifia mwandiko. Ukianza na sifa atakwenda nyumbani na sifa, na mama yake atachinja kuku bure.

Hukuniambia ni mabadiliko gani wala kiwanda kipi. Sikuulizi, najua ofisi zenu zina mambo yake.

Huku tuko salama. Shemeji yako bado hapendi simu, ikilia humtupia mtoto kana kwamba imemuunguza. Kuna jambo moja linatukosesha raha. Kiwanda cha unga cha hapa mjini kinamtaka awe msimamizi wa mitambo, na wamempa mwezi huu ajibu. Ile mashine yake ya dirishani anaipenda kuliko mimi, lakini kule kwao kuna minong'ono kwamba kazi ya kufuma inayumba. Nimemwambia: mdogo wangu yuko makao makuu, kungekuwa na lolote mimi ningekuwa wa kwanza kujua. Akasema basi, tusubiri tusikie.

Na bado ananitazama usoni nikiongea, mwanaume huyu, baada ya watoto wanne. Walimu wenzangu waume zao wanawajibu huku wakitazama televisheni. Wangu anaizima, anageuka, ananitazama mdomo kama ndiyo kwanza anakuja kuposa. Najivuna, sikufichi.

Simama wima, ule kwanza kabla ya kwenda, na uvae viatu visivyobana.

Dada yako,
Mwalimu


10 Machi

Kwa Meneja Mkuu,

Kwa heshima naomba ruhusa ya kubadilisha wasilisho la tarehe kumi na saba. Slaidi nilizopewa zina kichwa "Safari Mpya Pamoja" na picha ya jua linalochomoza. Nimezisoma mara nyingi na bado hazisemi kwamba ukumbi wa kufumia unafungwa mwisho wa mwezi huu na kwamba wafumaji wote wanapoteza kazi. Mtu mwenye haraka anaweza kufikiri analetewa mitambo mipya.

Naomba niseme wazi, kwa sentensi mbili, kisha nijibu maswali. Naomba sana.

Ofisa Rasilimali Watu


12 Machi

Kwa Ofisa Rasilimali Watu,

Ombi lako limekataliwa.

Sheria inatutaka tuwaarifu wafanyakazi, haitutaki tuwalize. Oda ya mashuka ya hospitali haijaisha. Wafumaji wakijua leo, kesho nusu yao watakuwa barabarani wakitafuta kazi, na mashuka hayajifumi. Slaidi zibaki zilivyo. Neno "kufunga" lisitajwe, sema "kupumzisha". Kila mmoja asaini karatasi ya mahudhurio, hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba tuliwaarifu.

Najua una shemeji pale. Ndiyo sababu nilikuchagua wewe, kwa kuwa wakiona uso wanaoufahamu watatulia. Nakukumbusha kwamba ulitia saini kiapo cha kutunza siri, na kwamba nyumba unayoishi inakwenda na kazi.

Meneja Mkuu


18 Machi

Kwa Ofisa Rasilimali Watu,

Hongera. Nimeletewa taarifa ya jana. Wote wamesaini, wamepiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Hilo ndilo wasilisho bora. Nitakupa na lile la kiwanda cha pili.

Meneja Mkuu


19 Machi

Wewe Kasuku,

Kumbe kiwanda chenyewe ni cha hapa! Umekuja mjini kwetu, umesimama mbele ya mume wangu, umepanda gari ukaondoka bila kunywa hata maji! Nilisikia kwa jirani kwamba ndugu yangu kaonekana kiwandani amevaa tai. Kwa jirani, Kasuku. Nikakuwekea kinyongo kuanzia saa hiyo hadi jioni.

Jioni shemeji yako akarudi akipiga mluzi, kinyongo kikayeyuka. Anasema ulikuwa umenyooka kama mlingoti, hukutetemeka. Anasema ukutani kulikuwa na jua, na mikono inashikana, na maneno makubwa ya safari mpya. Wenzake wote wametoka na furaha, wanasema mitambo ya zamani inapumzishwa ili ije mipya, vinginevyo kampuni isingemtuma mtu wa makao makuu mwenye tai. Basi asubuhi amekwenda kiwanda cha unga akawashukuru na kuwaambia hapana. Wamesikitika, lakini wamemshika mkono.

Ninavyoandika hivi moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Ungeweza kuniambia mapema usinitese na mabadiliko yako ya siri, lakini nimekusamehe.

Kasoro ni moja tu, na ameniomba nikwambie taratibu kwa kuwa hapendi kukosoa. Anasema, "Mwambie shemeji siku nyingine asizibe mdomo." Hicho kipaza sauti ulikibandika usoni, na muda mwingi uligeukia ukuta. Nikamjibu, wewe mume wangu, mdomo una nini? Maneno si yanatoka kwenye spika? Akacheka tu. Nikakutetea, nikamwambia ni mimi niliyekufundisha hivyo.

Dada yako mwenye raha,
Mwalimu


22 Machi

Dada,

Barua hii nimempa kondakta wa basi aikabidhi mkononi mwako. Kaa chini. Usiisome mbele ya watoto.

Habari mbaya kwanza, kama ulivyonifundisha nami nisifanye. Ukumbi wa kufumia unafungwa mwisho wa mwezi huu. Hakuna mitambo mipya. Shemeji hana kazi kuanzia tarehe moja, yeye na wenzake wote. Nilijua kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Nilijua nilipokuuliza mikono niiweke wapi. Uliniambia kuhusu kiwanda cha unga, na mimi nikaikunja barua yako, nikaitia mfukoni, nikaja kumwonyesha mume wako picha ya jua.

Nilisema, dada, nakuapia nilisema. Katikati ya slaidi ya nne nilishindwa kuvumilia. Nilitoa macho kwenye maandishi nikasema kwenye kipaza sauti, upesi upesi, "Mjue kazi ya kufuma itakwisha mwezi huu." Nikasubiri kelele. Hakuna aliyeshtuka; msimamizi naye alikuwa amejifungia juu, kwenye chumba chake cha vioo. Waliendelea kutabasamu wakitazama lile jua, mwisho wakapiga makofi. Nikafikiri wamesikia na wamekubali. Nikakimbilia kwenye gari kwa sababu nisingeweza kula chakula chako.

Kisha ikaja barua yako na hilo la kuziba mdomo. Nilipoingia ukumbini siku ile, kabla hawajazima mitambo, ilikuwa inanguruma hata kifua kikatikisika, na wao walikuwa wanapiga soga toka upande huu hadi ule. Sauti hakuna, midomo tu. Wanataniana, wanacheka. Nikadhani ni mchezo wa kiwandani. Jana nimetoa mafaili yao ya kupimwa masikio. Kila mwaka, kila mfumaji, "anasikia vizuri kabisa". Haiwezekani. Watu waliokaa kwenye ngurumo ile miaka nenda rudi hawawezi wote kusikia vizuri kuliko mimi. Wanafichiana, maana anayekutwa na masikio mabovu hutolewa kwenye mashine akapewa ufagio.

Nadhani shemeji hasikii, dada. Nadhani hasikii siku nyingi. Sentensi moja ya kweli niliyoisema, niliisema na mdomo umezibwa.

Aende kiwanda cha unga leo. Awapigie magoti. Aseme alikosea, aseme mimi ni mwongo, aseme lolote. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii ni mimi. Najua barua hii itaninyang'anya kazi na nyumba, lakini naogopa zaidi uso wako ukiimaliza kusoma.

Kasuku


25 Machi

Mdogo wangu,

Nimechukua siku tatu kukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, na mimi ni mwalimu.

Kwanza nikaona nihakikishe. Juzi alikuwa amekaa mlangoni anagonga kisigino cha kiatu cha mtoto, mgongo kwangu. Nikasimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikaita kwa sauti ya darasani, ile ya kunyamazisha darasa la saba. Mtoto wa jirani aligeuka, kuku waligeuka. Yeye akachukua msumari mwingine. Nikamwambia pale pale mgongoni, "Nakupenda, mjinga wewe." Sijamwambia hivyo usoni tangu tuoane. Akaendelea kugonga.

Nimelia, Kasuku. Nimeyapanga magomvi yetu yote mbele yangu. Mara ngapi nimemsemesha nikiwa jikoni asinijibu, nikanuna hadi kesho yake, nikasema ana kiburi cha kwao? Na kule kunitazama mdomo, nilikojivunia mbele ya walimu wenzangu, kumbe ananisoma. Nilidhani mapenzi. Sijui sasa niite nini.

Nikazunguka nikakaa mbele yake, nikampa barua yako. Aliisoma hadi mwisho. Kuhusu masikio akaniuliza, "Umejua lini?" Nikamwambia leo. Akasema, "Mimi tangu mtoto wa pili. Hawa wawili wa mwisho sauti zao sizijui."

Nikamwambia aende kiwanda cha unga. Hataki. Anasema hawezi kwenda kuomba nafasi huku wenzake wamekaa wanasubiri mitambo mipya. Akaenda kwanza kuwaambia wao. Unajua walimjibu nini? Walimcheka. Yule mama wa mashine ya kona alimwambia, "Shemeji yako mwenyewe alisimama hapa na tai, akatuonyesha jua. Wewe umeota?" Wengine wakasema anawatisha waondoke ili abaki na kazi peke yake. Mume wangu, ambaye hajawahi kumdhulumu mtu hata uzi!

Basi kazi yako uliifanya vizuri, Kasuku. Uliifanya vizuri mno. Mume wangu na ukweli wake hawaaminiki mbele ya uongo wako. Hapa hakuna wa kuutengua ila aliyeufunga. Utakuja. Sitaki barua nyingine, sitaki kondakta wa basi, sitaki kuniombea radhi. Utasimama pale pale uliposimama.

Nilikufundisha vibaya, kwa hiyo nakufundisha upya. Nimekaa naye jioni mbili nikimwuliza. Usishike kitu chochote mbele ya uso. Usigeuke ukuta. Simama penye mwanga, mwanga ukupige wewe usoni, si wao. Usipige kelele, ukipiga kelele mdomo unapinda. Sentensi fupi. Ukimaliza moja, subiri. Na masharubu yako unyoe, anasema yanameza maneno.

Watazame machoni, Kasuku. Magoti yatetemeke yatakavyo.

Dada yako
(bado ni dada yako)


28 Machi

Dada,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kituo cha basi, jana nilipita mlangoni kwako nikashindwa kubisha. Nisamehe na hilo, uliweke juu ya mengine.

Niliomba ruhusa ya kurudia wasilisho, nikajibiwa kwamba nikionekana kiwandani nimejifukuzisha. Nikanyoa masharubu. Mtoto hakunitambua, akalia. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo, bomba la maji limefunguliwa hadi mwisho, ili nisiisikie sauti yangu. Mama mkwe akafikiri nimerukwa na akili, akamwambia mke wangu afiche visu.

Mlinzi wa getini alikuwa hajaarifiwa, akaniona na tai akafungua. Nilijua nikiomba mitambo izimwe msimamizi atauliza sababu. Kwa hiyo sikuomba. Niliingia ikinguruma. Msimamizi yupo juu, kwenye kile chumba cha vioo, akanipungia mkono. Nami nikampungia. Nikapanda juu ya sanduku la nyuzi lililo karibu na dirisha, mwanga ukanipiga usoni, na nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu. Niliwatazama.

Magoti yaligongana, usidhani. Lakini hakuna aliyeyatazama. Wote waliutazama mdomo wangu.

Nikasema, "Nilisema uongo." Nikasubiri. Nikasema, "Ukumbi huu unafungwa. Mwisho wa mwezi. Mitambo mipya haiji. Shemeji yangu aliwaambia kweli." Kila sentensi nikaisubiri, na nikaiona ikipita kwa wale wa nyuma, wa mbele wakiwageukia wakiirudia kwa midomo. Na msimamizi kule juu kwenye vioo bado ananitazama akitabasamu, anasikia ngurumo tu. Yeye mwenye masikio mazima ndiye peke yake ambaye hakusikia.

Halafu mama wa kona akanyoosha mkono, akauliza. Niliona mdomo wake unacheza na sikuambulia hata neno. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mtaalamu wa kuwasiliana na watu, dada, nimesimama juu ya sanduku kama kiziwi kijijini kwa wenye lugha yao! Ikabidi aache mashine, aje aninong'oneze kwa kelele sikioni: "Kwa nini siku ile ulitutabasamia?"

Nikamwambia usoni, "Niliogopa kupoteza nyumba." Akanitazama mdomo hadi ulipofunga, akarudi kwenye mashine yake akaizima.

Wakazizima moja baada ya nyingine. Ngurumo ikapungua, ikapungua, nikaanza kujisikia mwenyewe, na kumbe nilikuwa nalia kwa sauti kitambo. Ya dirishani peke yake ndiyo iliyobaki inanguruma. Mlinzi alikuwa ameshaingia, ameitwa na msimamizi. Kabla hajanishika nilimgeukia mume wako nikamwambia neno moja. Silitaji hapa, ni lake. Ukiona amelipokea, niambie. Ukiona hakulipokea, usiniambie upesi.

Kazi imekwisha. Nyumba tunatoka wiki ijayo. Sijui tunakwenda wapi, na ajabu ni kwamba leo asubuhi nilikula.

Kasuku


2 Aprili

Shemeji,

Mimi si mtu wa barua, wa barua ni dada yako. Lakini amesema hii niandike mwenyewe.

Mashuka ya hospitali tuliyamaliza. Wengi walitaka yaachwe kwenye mashine yalivyo. Mama wa kona akasema mgonjwa hajatukosea, tukawasha tena tukayamaliza. Jana wamekuja kufungua mitambo na kuipakia kwenye magari. Sikwenda kuangalia.

Siku ile ile uliyokuja, nilitoka nikaenda kiwanda cha unga. Nafasi walishampa mtu mwingine jana yake. Walinisikitikia. Mama wa kona amepata kazi ya kushona sare, na vijana wawili wa ukumbini kwetu wako pale pale kiwanda cha unga, wanabeba magunia. Wanasema siku chache ulizotupa ziliwasaidia. Mimi bado natafuta. Ninapokwenda sasa ninaanza na habari mbaya: nawaambia masikio yangu ni mabovu, wanitazame wakisema nami. Wawili wameshanifungia mlango. Dada yako anasema niendelee hivyo hivyo, na ananiambia akiwa mbele yangu, kwa hiyo sina pa kujificha.

Ameniambia uliandika kwamba kabla mlinzi hajakushika ulinigeukia ukaniambia neno. Sikuliona. Swichi ya mashine yangu iko chini karibu na mguu, na inakwama, lazima uiinamie uibonyeze kwa mikono miwili. Nilikuwa ninaizima. Nilipoinua kichwa nikaona mgongo wako tu, unatoka.

Nimemwuliza mama wa kona. Anasema yeye aliliona, lakini si lake kunipa.

Siahidi kukusamehe. Nilibeba barua yako kwa mkono wangu nikaomba upewe kazi, na wewe ukaniletea jua la ukutani. Hilo linaniuma, na sitalificha, nimechoka kuficha. Lakini chumba cha mbele tumekitoa vitu. Njoo na mkeo, mtoto na mama mkwe wako, mkae hapa mpaka tujue tunakwenda wapi sote.

Njoo mchana, kukiwa na mwanga. Masharubu usiyafuge. Ukae mbele yangu, ulirudie lile neno, nami nitakuwa nakutazama.

Shemeji yako